Mwanya uliokuja ukubwani: uchambuzi wa kisa cha ugonjwa wa fizi katika ukoo mmoja wa Tanga

Mgonjwa ni binti wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari anayeishi Chumbageni, Tanga mjini. Aliletwa na mama yake kwa sababu gego moja la chini upande wa kushoto lilikuwa likicheza kila alipotafuna, na asubuhi fizi yake ilikuwa ikitoa usaha. Mambo ya utambulisho yamebadilishwa humu, na baadhi ya habari za kifamilia zimechanganywa kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja wenye hali kama hii, ili asije mtu akamtambua jirani yake. Kilichobaki kama kilivyo ni mwenendo wa ugonjwa wenyewe, pamoja na swali ambalo mama alilitanguliza hata kabla binti hajafungua kinywa: je, haya ndiyo meno ya ukoo wetu?

Uchambuzi huu unalifuata swali hilo. Jibu lake, kwa maoni yangu, ni ndiyo kwa sehemu, na sehemu hiyo ya ndiyo ina faida moja kubwa ya kitabibu, nayo ni kutuonyesha nani mwingine katika nyumba ile anayepaswa kupimwa fizi kabla hajahisi lolote.

Malalamiko, na jambo ambalo halikulalamikiwa

Gego lilianza kucheza karibu mwaka mmoja kabla ya kuja kwake. Familia ilikwenda kwanza katika kituo kimoja cha mjini, ambako binti alipewa dawa ya maumivu na kushauriwa asukutue kwa maji ya chumvi, na aliporudi akaambiwa kwamba jino likizidi kulegea ling'olewe. Hakuna aliyepima fizi. Naelewa sababu zake: penye foleni ndefu ya watu wenye maumivu, kung'oa ndiyo huduma inayomalizika siku ile ile na ambayo wengi wanaimudu. Hata hivyo, gego la kwanza la kijana linapolegea bila kutoboka, na hili halikuwa na hata doa la kuoza, tabibu analazimika kuuliza limelegezwa na nini.

Jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia ni mwanya. Kati ya meno mawili ya mbele ya juu palikuwa na nafasi ya karibu milimita tatu, na nilipoiulizia, mama alijibu kwa fahari kwamba huo ni mwanya wa kwao, upande wa Pangani, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa nao kabla ya meno yake ya mbele kung'oka. Huku kwetu pwani mwanya ni pambo, na msichana mwenye mwanya husifiwa tangu utotoni, kwa hiyo ni vigumu kuutazama kwa jicho la ugonjwa. Nilimwomba mama atafute picha za zamani katika simu yake. Katika picha ya mahafali ya darasa la saba meno yale yamegusana kabisa. Katika picha ya Idi ya miaka miwili baadaye pana ufa mwembamba, na katika ile ya mwaka huu ufa umekuwa mwanya kamili, jino la kulia likiwa limesogea mbele na kushuka kidogo kuliko mwenzake.

Mwanya wa asili hufuata njia iliyo kinyume. Huonekana tangu meno ya kudumu ya mbele yanapoota, mtoto akiwa na miaka saba au minane, na mara nyingi hupungua chonge zinapoota karibu na miaka 11 na 12. Usipopungua, hubaki ulivyo. Mwanya unaoanza baada ya miaka 13 na kuongezeka mwaka hadi mwaka mara nyingi maana yake ni kwamba meno yamepoteza mfupa uliokuwa ukiyashika na sasa yanasukumwa na ulimi na midomo. Katika ukoo huu inawezekana kabisa kwamba walikuwamo watu wenye mwanya wa kuzaliwa na wengine wenye mwanya wa ugonjwa, na sifa ile ile ikawafunika wote.

Uchunguzi wa kinywa

Kinywa kilikuwa safi. Binti hupiga mswaki mara mbili kwa siku, na mwezi wa Ramadhani hutumia pia mswaki wa mti. Utandu juu ya meno ulikuwa mdogo na ugaga karibu haupo. Wekundu wa fizi haukuonekana, lakini hilo lisimtulize mtu, kwa sababu fizi za wengi wetu zina rangi ya kahawia iliyokolea na wekundu unaoonyeshwa katika picha za vitabuni hauonekani kirahisi juu yake. Aliyetazama kwa macho tu angemruhusu arudi nyumbani na pongezi.

Kipimio cha fizi ni kijichuma chembamba chenye ncha butu na alama za milimita, na katika fizi yenye afya huingia milimita moja hadi tatu. Kwa binti huyu kilikomea milimita mbili au tatu kwenye chonge, kwenye magego madogo na kwenye magego ya pili. Kilipofika gego la kwanza la chini kulia kiliteremka hadi alama ya nane upande wa mbele wa jino, bila yeye kusikia maumivu makubwa, na kwenye gego la kushoto lililokuwa likicheza kikazama hadi kumi, damu na usaha vikafuata. Magego ya kwanza ya juu yalikuwa na mifuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, ya milimita sita na saba, na meno mawili ya kati ya mbele, juu na chini, vivyo hivyo. Kwa jumla ni meno manane yaliyoharibika, kulia na kushoto kwa ulinganifu, na mengine yote ni mazima.

Eksirei ilithibitisha jambo hilo. Mfupa kuzunguka magego ya kwanza ulikuwa umechimbika kwa umbo la upinde, kutoka nyuma ya gego dogo la pili hadi mbele ya gego la pili. Kulia nusu ya mfupa ulioshika mizizi ilikuwa imekwisha, na kushoto ulibaki nchani tu.

Meno haya manane ndiyo yanayotangulia kuota miongoni mwa meno ya kudumu, kati ya miaka sita na minane. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba bakteria husika hushambulia meno yaliyopo kwanza, kisha mwili unajenga kinga inayoyaokoa yale yanayoota baadaye. Zamani hali hii iliitwa ugonjwa wa fizi wa vijana, na kuanzia 1999 ikaitwa ugonjwa mkali wa fizi. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago mwaka 2017 ulifuta jina hilo, na tangu hapo ugonjwa hupangwa kwa hatua ya uharibifu na kwa daraja la kasi yake. Kasi hupatikana kwa hesabu nyepesi: asilimia ya mfupa uliopotea igawanywe kwa umri, na jibu linalozidi 1 ni daraja C, yaani kasi kubwa. Hata tukiliacha kando gego lililoharibika zaidi, 50 gawanya kwa 17 ni karibu 3. Utambuzi ukawa ugonjwa wa fizi unaokula mfupa, hatua ya tatu, daraja C, wenye mpangilio wa magego ya kwanza na meno ya mbele.

Kabla ya kuusadiki utambuzi huo ilibidi kuondoa magonjwa ya mwili mzima yanayoweza kula mfupa wa meno ya kijana. Sukari ilikuwa ya kawaida, kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi, na picha kamili ya damu ilikuwa na seli nyeupe za kutosha, zikiwamo nyutrofili, ambazo ndizo askari wa kwanza wa fizi.

Yapo pia magonjwa ya jeni moja, ambayo ni adimu sana lakini ndiyo yaliyotufundisha mengi kuhusu urithi wa fizi. Linalojulikana zaidi lilielezwa mwaka 1924 na madaktari wa Ufaransa, Papillon na Lefèvre. Mtoto huwa na ngozi ngumu iliyopasuka viganjani na nyayoni, meno yake ya utoto hulegea na kuanguka mapema mno, na ya kudumu nayo hufuata kabla ujana haujakwisha. Mwaka 1999 ilibainika kwamba sababu yake ni hitilafu katika jeni iitwayo CTSC, inayotengeneza kimeng'enya ambacho nyutrofili hukihitaji ili kufanya kazi yake. Mtoto huugua akipata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na ndiyo maana ugonjwa huo, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja hadi wanne katika kila watu milioni moja, huonekana zaidi kwa watoto wa wazazi wenye udugu wa damu.

Wazazi wa binti huyu ni mtu na binamu yake, kwa hiyo viganja vilipaswa kutazamwa. Alikuwa ametoka harusini, na viganja na nyayo zake zilikuwa zimejaa hina nyeusi hadi kwenye vifundo. Macho hayakuweza kuamua chochote juu ya hina ile, ikabidi nipapase kwa vidole kisha nimuulize mama. Ngozi ilikuwa laini, visigino havikuwahi kupasuka utotoni, na meno ya utoto yalianguka kwa wakati wake, la kwanza likitoka alipokuwa darasa la kwanza. Ugonjwa huo ukaondolewa.

Mti wa ukoo

Nilichora mti wa ukoo nyuma ya kadi, nikiuliza mtu mmoja mmoja swali lile lile: alipoteza meno yapi, akiwa na umri gani, na je, yalikuwa yametoboka au yalilegea yakiwa mazima? Swali la mwisho ndilo lenye thamani, kwa maana jino lililooza halituambii lolote kuhusu mfupa.

Mama, mwenye miaka 43, alipoteza meno mawili ya mbele ya juu na magego matatu ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 30, yote yakiwa mazima. Yeye husema uzazi ndio uliomla meno, na ni kweli kwamba homoni za ujauzito huongeza uvimbe wa fizi, lakini mimba haichukui madini kutoka kwenye meno wala haing'oi gego lenye fizi nzima. Nilipompima nilikuta makovu ya ugonjwa wa zamani uliotulia: mfupa umeshuka, mifuko ni ya wastani, na meno yaliyobaki yamesimama imara. Bibi mzaa mama, ambaye ni marehemu, anakumbukwa kuwa na meno ya bandia kabla ya miaka 40. Mjomba, mvuvi wa Pangani, hakubakiwa na meno ya kutafunia alipofika 45, ila yeye ni mvutaji wa sigara wa siku nyingi, na tumbaku peke yake inatosha kuharibu fizi na kuficha dalili zake kwa kupunguza damu inayotoka. Ushahidi wake niliuandika kwa wino hafifu.

Baba, mwenye miaka 50, ndiye aliyenishangaza. Ana ugaga wa kutosha na fizi zake hutoka damu zikiguswa, kwa sababu hajawahi kusafishwa meno maishani mwake, lakini mfupa wake haujapungua kwa kiasi cha kutajwa. Mama yake mzazi, mwenye zaidi ya miaka 70, bado anamenya muwa kwa meno yake mwenyewe.

Watoto ni watatu. Dada mkubwa, mwenye miaka 22, aliyeolewa Muheza, ni mzima. Mdogo wa kiume, mwenye miaka 13, hakuwa na malalamiko yoyote na alikuja kwa kusukumwa. Kipimio kiliingia milimita tano kwenye magego yote mawili ya kwanza ya chini, na eksirei ikaonyesha mfupa umeanza kuchimbika pale pale ulipoanza kwa dada yake.

Udugu wa wazazi unahitaji kutazamwa kwa uangalifu hapa, kwa sababu ndio unaotajwa haraka na watu, hata na baadhi ya wahudumu wa afya. Babu mzaa mama na bibi mzaa baba ni kaka na dada. Binamu wa namna hiyo hushirikiana kwa wastani sehemu moja ya nane ya vinasaba vyao, na vinasaba hivyo vimepitia kwa babu na bibi hao wawili. Lakini meno yaliyolegea hayatoki upande wao. Yanatoka kwa bibi mzaa mama, mke wa babu, ambaye hana damu na upande wa baba. Ndoa ya binamu haikuuleta ugonjwa huu. Mama angeolewa na mtu wa Mwanza asiyemjua kabisa, hatari kwa watoto wake ingekuwa ile ile.

Kinachorithiwa ni nini

Ugonjwa wa fizi unaokula mfupa hauanzi bila bakteria. Hata hivyo, watu wenye uchafu unaolingana hawaugui sawasawa, na ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hilo ulitoka katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, ambako Harald Löe na wenzake walifuatilia wanaume 480 kuanzia 1970 hadi 1985. Wafanyakazi hao hawakuwa wakipiga mswaki wala kupata tiba yoyote ya meno, na wote walikuwa na utandu, ugaga na fizi zilizovimba. Asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuendelea mbele zaidi ya uvimbe wa fizi. Baba wa binti huyu, mwenye ugaga wa miaka 50 na mfupa mzima, ni wa kundi hilo la mwisho au yuko karibu nalo.

Tofauti hiyo kati ya mtu na mtu imepimwa kwa mapacha. Utafiti wa Michalowicz na wenzake nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2000, ulilinganisha jozi 117 za mapacha watu wazima na kukuta kwamba karibu nusu ya tofauti za ugonjwa huu baina ya watu inaelezwa na urithi. Makadirio yaliyojumlisha tafiti nyingi baadaye yameshuka hadi karibu theluthi moja. Jambo ambalo hutajwa kwa nadra, na ambalo kwangu lina uzito zaidi, ni kwamba utafiti ule wa mapacha haukuona urithi katika uvimbe wa kawaida wa fizi baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara na mazoea ya kwenda kwa daktari wa meno. Kwa maneno mengine, kutokwa damu ufizini ni habari ya mswaki, ilhali mfupa kuliwa au kutoliwa ni habari ya mswaki pamoja na mwili ulioupata kwa wazazi wako.

Kwa aina ya vijana yenye mpangilio wa magego na meno ya mbele, urithi una nguvu zaidi. Mwaka 1994 Mary Marazita na wenzake walichambua familia 100 za Marekani, nyingi zikiwa za Wamarekani weusi, na wakakuta kwamba mwenendo unaofaa zaidi ni wa jeni moja yenye nguvu, ambayo hutosha ikipatikana kwa mzazi mmoja tu, na ambayo humfanya mbebaji augue kwa uwezekano wa karibu asilimia 70. Tukiichukua hesabu hiyo na kuileta Chumbageni, kila mtoto wa mama huyu alikuwa na nafasi ya nusu kuirithi, na nafasi ya asilimia 70 kuugua akiirithi, yaani asilimia 35. Watoto wawili kati ya watatu ni zaidi kidogo ya matarajio, lakini katika familia ndogo bahati ina nafasi yake.

Jeni yenyewe ni ipi? Hapa wanaouza vipimo huwa na uhakika kuliko watafiti. Mwaka 1997 Kornman na wenzake walionyesha kwamba watu wasiovuta sigara wenye mchanganyiko fulani wa jeni za intalukini-1, kemikali inayochochea uvimbe na kuvunja mfupa, walikuwa na ugonjwa mkali zaidi, na muda si mrefu kipimo cha kibiashara kikaingia sokoni. Kisha mchanganyiko huo ulipotafutwa kwa Wachina mwaka 2000 ulikutwa kwa asilimia 2.3 tu ya watu, ilhali kwa watu wenye asili ya Ulaya ni kawaida sana. Kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya watu wengine hakiwezi kuletwa Tanga na kusomwa kwa maana ile ile. Baadaye, mwaka 2010, uchunguzi wa vinasaba vyote kwa wagonjwa wa Ujerumani na Uholanzi ulitaja jeni ya GLT6D1, na mwaka mmoja kabla ya hapo eneo la kromosomu ya tisa linalohusishwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo lilihusishwa pia na fizi. Kila moja ya alama hizi huongeza hatari kidogo, na hakuna hata moja ambayo ingebadilisha nilichopaswa kumfanyia binti huyu siku ile.

Kuna jambo linalotibua hesabu zote za familia, nalo ni kwamba mama humpa mtoto vinasaba na bakteria kwa pamoja. Bakteria anayehusishwa zaidi na ugonjwa huu kwa vijana huitwa Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Hutoa sumu inayoua seli nyeupe za damu, na imeonyeshwa mara nyingi kwamba mzazi na mtoto huweza kubeba aina moja ya bakteria huyo, aliyepita kwa mate. Mama anayeonja uji kwa kijiko anachomlishia mwanawe hana habari na lolote. Aina moja yake, iitwayo JP2, imepoteza vipande 530 vya msimbo wake wa kinasaba na kwa sababu hiyo hutoa sumu kwa wingi mno. Dorte Haubek na wenzake walifuatilia vijana wa Moroko waliokuwa wazima mwanzoni, na katika matokeo ya mwaka 2008 waliobeba JP2 walikuwa na hatari mara 18 ya wasiombeba bakteria huyo kabisa baada ya miaka miwili. Vinasaba vya JP2 vinaonyesha kwamba alianzia kaskazini mwa Afrika, akateremka magharibi, na akavuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani. Ugonjwa unaofuata ukoo, basi, unaweza kuwa ugonjwa wa damu, wa mate, au wa vyote viwili, na mti wa ukoo peke yake hauwezi kuvitenganisha. Tiba, kwa bahati nzuri, haihitaji kusubiri vitenganishwe.

Lawama ndani ya nyumba

Mama alisikiliza maelezo haya akiwa ameinamisha uso, na alichokisema kwanza hakikuhusu meno. "Daktari, mavyaa akisikia atasema mimi ndiye niliyeleta ugonjwa nyumbani kwao." Mavyaa huyo ni shangazi yake wa damu, na bado alimwogopa. Hofu ya pili ilimhusu binti: ukoo ukijulikana kuwa na ugonjwa, na watu hupeleleza ukoo kabla ya posa, nani atakuja kuposa?

Sikumwambia kwamba hofu hiyo haina msingi, kwa sababu ina msingi. Nilimweleza mambo ambayo ningeweza kuyarudia mbele ya mavyaa bila kuona haya: kwamba hakuna mtu anayechagua vinasaba anavyompa mwanawe; kwamba huu si ugonjwa unaofupisha maisha kama ukitibiwa mapema; na kwamba hata mtoto wa binti huyu siku moja ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mzima kuliko kuugua. Habari za fizi zake ni zake, na uamuzi wa kumwambia nani ni wake na wa binti. Niliomba ruhusa ya jambo moja, kwamba mjomba aambiwe, kwa sababu ana watoto wenye umri wa hatari. Alikubali baada ya kufikiri kwa siku kadhaa, na alimpigia simu yeye mwenyewe.

Ndugu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amejitolea kulipia waya wa kurudisha meno na kuziba mwanya. Nia ilikuwa njema, lakini kusogeza meno katika fizi yenye ugonjwa unaoendelea huharakisha kuliwa kwa mfupa, kwa hiyo waya uliahirishwa.

Matibabu

Gego la chini kushoto halikuwa na mfupa wa kulishika, likang'olewa. Mizizi ya meno saba yaliyobaki ilisafishwa kwa ganzi katika vikao viwili vilivyofuatana kwa karibu, na alipomaliza kikao cha pili akaanza amoksisilini miligramu 500 na metronidazo miligramu 400, zote mara tatu kwa siku kwa siku saba, baada ya kuhakikisha hana mzio wa penisilini. Mpangilio wa hatua hizi si wa hiari. Dawa zikitolewa bila kusafisha mizizi, bakteria walio ndani ya utandu hawafikiwi ipasavyo, na mgonjwa anabaki na nafuu ya wiki chache na bakteria waliozoea dawa. Wanaonunua vidonge hivyo dukani kila fizi zinapouma wanajiharibia tiba ambayo siku moja wataihitaji kweli.

Alifundishwa pia kusafisha katikati ya meno kwa vijiburashi vidogo, jambo ambalo mswaki wa kawaida, wa dukani au wa mti, hauliwezi.

Baada ya miezi mitatu mifuko mingi ilikuwa imepungua hadi milimita tatu na nne. Gego la chini kulia lilibaki na milimita sita, na kwa hilo alipewa rufaa kwenda Muhimbili kwa upasuaji wa fizi. Eksirei ya mwaka uliofuata ilionyesha mfupa umeanza kujaa katika mashimo ya wima, kama unavyofanya mara nyingi kwa vijana wanaotibiwa mapema, na mwanya ukapungua kwa karibu milimita moja bila waya wowote. Binti aliusikitikia kidogo. Anahudhuria kila baada ya miezi mitatu, na waya utafikiriwa fizi zikikaa kimya kwa mwaka mzima zaidi.

Mdogo wake alisafishwa mizizi na kupewa dawa zile zile kwa kipimo cha uzito wake. Mifuko yake yote sasa iko chini ya milimita nne na hajapoteza jino. Tofauti kati yake na dada yake ni umri wa kugunduliwa tu. Kati ya watoto wawili wa mjomba, wa miaka 15 ni mzima, na wa miaka 12 ana fizi inayotoka damu kwenye gego moja la kwanza bila mfupa kupungua, naye anapimwa kila baada ya miezi sita.

Dada mkubwa wa Muheza ana mtoto wa mwaka mmoja mwenye meno sita. Yeye mwenyewe hana ugonjwa, na alidhani habari imeishia kwake. Lakini uwezekano wa asilimia 70 maana yake ni kwamba watu watatu katika kila wabebaji kumi hawaugui, na asiyeugua anaweza kumpa mwanawe kile alichokibeba. Mtoto huyo ameandikiwa katika kadi yake ya kliniki apimwe fizi magego ya kwanza yatakapomaliza kuota, kisha kila mwaka hadi avuke miaka 18.